Tupeane uzoefu: HR na maafisa utumishi wa Kigoma na Tabora, mshahara unapangwa na nini?

Mgebuka
Wakuu, habari za leo. Kila mwaka vijana wanamaliza pale Chuo cha Utumishi wa Umma kampasi ya Tabora, wengine TIA (Taasisi ya Uhasibu) Kigoma, na swali lao ni lilelile: HR (afisa rasilimali watu) analipwa shilingi ngapi? Jibu la mtaani ni "inategemea", halafu mtu anahamisha mada. Uzi huu ni wa kueleza inategemea nini. Wenye kujua ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa), makato, mikataba ya miradi na ya wakandarasi, mwageni vitu. Habari za "mimi na bosi wangu" tuziweke kando, leteni hesabu.

Cheki Namba
Nianze na halmashauri, maana huko mshahara hauna mjadala. Afisa mwenye shahada anaingia Daraja la II kwa TGS D (TGS ni ngazi za mishahara serikalini), Daraja la I ni TGS E, Mwandamizi TGS F, kisha Mkuu. Wenye stashahada wanaanzia chini yake. Uwe Kakonko, Kaliua au Kinondoni, D ni D. Kwa hiyo anayeuliza "halmashauri gani inalipa vizuri" amekosea swali. La kuuliza ni halmashauri gani inapandisha watu kwa wakati.

Kupanda daraja wengi wanadhani ni miaka tu. Miaka ni mlango wa kwanza. Wa pili ni ikama: cheo unachotarajia kiwe kimetengewa fedha kwenye bajeti ya mishahara ya mwaka huo, na bajeti hiyo inaandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Kama jina lako halikuingia wakati ikama inaandikwa, hata uwe mchapakazi kiasi gani, mwaka umepita. Halafu kuna tange, yaani orodha ya ukubwa kazini. Tarehe ya ajira ikikosewa humo, aliyekuja nyuma yako anakutangulia. Kuna tathmini za PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi), ambazo watu wanajaza dakika za mwisho au wanaacha msimamizi hajaidhinisha. Na kuna barua ya kuthibitishwa kazini, ambayo utashangaa ni mafaili mangapi hayana. Cha ajabu, maafisa utumishi wenyewe ndio wanaoongoza kwa mafaili mabovu. Mganga hajigangi.

Barua ya kupanda ikitoka, kazi haijaisha. Angalia salari slipu ya mwezi unaofuata: cheo kimebadilika? Ngazi ya mshahara imebadilika? Mara nyingi cheo kinabadilika na fedha inabaki palepale. Hapo andika madai ya malimbikizo mapema, ukiambatanisha barua na slipu za kabla na baada. Ukisubiri mwaka mzima, deni linakuwa la kuhakikiwa, na uhakiki una foleni yake.

Na jambo moja la kelele za Mei Mosi. Mwaka 2022 iliposikika 23.3%, watu walizidisha mishahara yao kwa asilimia hiyo. Ile ilikuwa ya kima cha chini. Mwaka 2025 vilevile, 35.1% ni kima cha chini kutoka 370,000 kwenda 500,000. Aliye TGS F asikope kwa kutegemea asilimia ya kima cha chini.

Asali ya Sikonge
Cheki Namba umemaliza upande wako. Mimi nalinganisha kinachobaki mkononi, kwa sababu kijana anaweza kukataa ajira ya serikali akidhani ya kampuni ni kubwa, kumbe zinakaribiana.

Chukua 1,000,000 kote kuwili, namba ya kurahisisha hesabu tu.

Serikalini: PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5% ni 50,000. Bima ya NHIF 3% ni 30,000. Kodi inakokotolewa baada ya kutoa PSSSF, yaani kwenye 950,000. Bima haipunguzi kodi. Jedwali la Tanzania Bara linasema kati ya 760,000 na 1,000,000 unalipa 68,000 jumlisha 25% ya kinachozidi 760,000. Kilichozidi ni 190,000, robo yake 47,500, kodi jumla 115,500. Mkopo wa elimu ya juu 15% ya mshahara wa msingi, 150,000. Zinabaki 654,500. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata 2%, toa 20,000 nyingine.

Kampuni binafsi: NSSF (mfuko wa pensheni wa sekta binafsi) 10% ni 100,000. Kodi kwenye 900,000 ni 68,000 jumlisha 35,000, yaani 103,000. Mkopo 150,000. Zinabaki 647,000, na hapo bima bado, ikitegemea mwajiri.

Umeona? Tofauti ni 7,500. Halafu kwenye pensheni, serikali inakuwekea 15% na mwajiri wa NSSF kwa kawaida anaweka 10%. Kwa hiyo ofa ya kampuni ikilingana na ya serikali kwa namba, jua ni ndogo.

Binti Kanyenye
Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: mtu akiletewa ofa ya 1,200,000 halafu wakamwambia "800,000 msingi, 250,000 nyumba, 150,000 usafiri", ni bora hivyo au yote iwe msingi?

Asali ya Sikonge
Marahaba binti. Swali zuri.

Kodi haijali jina la posho. Ya nyumba na ya usafiri zinazolipwa kwa fedha taslimu kila mwezi zote zinaingia. Tuseme NSSF inakatwa kwenye jumla yote: 120,000. Kodi kwenye 1,080,000 ni 128,000 jumlisha 30% ya 80,000, yaani 152,000. Hizo hazibadiliki.

Kinachobadilika ni mkopo. Yote ikiwa msingi, 15% ni 180,000 na mkononi zinabaki 748,000. Ikigawanywa, 15% ya 800,000 ni 120,000 na mkononi zinabaki 808,000. Hapo vijana wanashangilia 60,000, wakati deni halijapungua, limerefushwa tu.

Sasa geuza upande wa pili. Malipo ya likizo, ya saa za ziada na ya kiinua mgongo cha sheria yanahesabiwa kwenye msingi. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, gawanya mwezi kwa 26. Msingi wa 1,200,000: siku 7 ni kama 323,000. Msingi wa 800,000: kama 215,000. Kila mwaka unapoteza zaidi ya laki moja bila kuiona. Asiye na mkopo wa elimu ya juu hana sababu hata moja ya kukubali kugawiwa.

Mzee wa Urambo
Nyongeza kwa huyo binti. Angalia cheo walichokuandikia. Kampuni ndogo inapenda kukupa "Meneja Rasilimali Watu na Utawala" badala ya nyongeza. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa uongozi wa juu hahesabiwi kwenye masharti ya saa za kazi. Maana yake hana saa za ziada. Msaidizi wake anazo.

Hesabu yake hii hapa. Saa 45 kwa wiki, mara 4.333, ni saa 195 kwa mwezi. Msaidizi wa msingi 650,000: gawa kwa 195 unapata 3,333 kwa saa, mara moja na nusu ni 5,000. Akifunga payroli usiku kwa saa 20 za mwezi, ana 100,000 juu. Meneja wa 750,000 amekaa naye meza moja mpaka saa nne usiku na hana kitu. Nani meneja hapo?

Reli ya Kati
Upande wa wakandarasi. Ujenzi wa SGR kipande cha Tabora hadi Kigoma, na bomba la mafuta ghafi lenye kiwanda cha kupaka mabomba pale Sojo, Nzega, ndivyo vilivyobadilisha bei ya HR ukanda huu. Kambi ya mkandarasi haifanani na ofisi ya mjini. Unakuta vibarua mamia, zamu mbili, na mahudhurio yanakuja kwenye karatasi zilizolowa matope.

Anayelipwa vizuri huko ni yule anayeweza mambo matatu kwa mkono wake mwenyewe.

Kwanza payroli ya watu wengi. Linaloharibika ni dogo sana: jina. Kibarua ameandikwa "Hamisi" kwenye mahudhurio, "Khamis" kwenye kitambulisho cha NIDA na "Hamis" NSSF. Mchango unaenda, hauonekani kwenye akaunti yake, na siku ya kupunguza watu mnagombana getini. HR mzuri anachukua nakala ya kitambulisho siku ya kwanza, kabla ya kofia ngumu, na jina la kwenye kitambulisho ndilo linalotumika kila mahali. Kodi ya mishahara inatakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mahudhurio yasipofungwa kwa wakati, mwenye kuulizwa ni wewe.

Pili, vibali vya kazi vya wageni. Sheria ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni inataka kila mgeni awe na kibali chake, na kibali kikiisha fundi amesimama na mtambo umesimama. Anayejua kuanza maombi mapema, kuandaa mpango wa kumrithisha Mtanzania ile kazi na kufuatilia bila kukimbizana, huyo hajadiliani mshahara kwa unyonge.

Tatu ni nidhamu. Kumfukuza mtu kwa hasira ya mhandisi ni kujipeleka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Taarifa ya maandishi ya kikao, angalau saa 48 kabla, mtuhumiwa na mwenzake wa kumsaidia, muhtasari, uamuzi, haki ya rufaa. Mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa. Faili likiwa halina karatasi moja kati ya hizo, kampuni inalipa.

Ubaya wake: kazi ikiisha, imeisha. Usifananishe 1,500,000 ya miezi 18 na TGS ya mpaka kustaafu.

Njia ya Kasulu
Nije na mashirika ya kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu kule Kasulu. Mshahara wa HR wa shirika unapangwa na gredi, na gredi inapangwa na bajeti ya mfadhili. Kwa hiyo kwenye usaili uliza: nafasi hii inalipwa na mradi mmoja au miwili? Kama 60% inatoka mradi A na 40% mradi B, na B unaisha Septemba, mshahara wako wa Oktoba una kitendawili. Si siri, HR ndiye anayejaza hizo taimushiti za mgawanyo, atakuwa anazijua.

Kitu cha pili ni kituo cha kazi. Mkataba ukisema kituo ni Kigoma Mjini, ukilala Kasulu usiku tatu unalipwa posho ya kujikimu. Ukisema kituo ni Kasulu, kwenda Nyarugusu kila siku ni kazi ya kawaida. Watu wanasoma mshahara ukurasa wa pili na hawasomi kituo ukurasa wa kwanza.

Kazi yenyewe ina orodha mbili: waajiriwa wenye mikataba, na wakimbizi wanaofanya kazi kambini kwa posho. Usizichanganye. Mwenye Kirundi, au Kifaransa cha kusoma na kuandika, ana faida ya kweli hapa. Mwenye "Kiingereza kizuri" tu wako wengi.

Kuhusu kiinua mgongo cha mkataba: kiandikwe kwa asilimia, cha mshahara upi, na kinalipwa lini. "Utapewa kulingana na sera" si sentensi ya kusaini.

Mgebuka
Tumbaku je? Mzee wa Urambo, eneo lako hilo.

Mzee wa Urambo
Kifupi: AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) nyingi hazina HR, kazi hiyo iko kwa meneja au mhasibu. Kampuni za ununuzi zinaajiri wengi msimu wa masoko, kwa hiyo nafasi nyingi za HR ni za miezi. Omba mapema, masoko yakishafunguliwa wamekwisha pata mtu.

Hospitali za taasisi za dini ndizo watu wanazisahau. Pale wapo watumishi wanaolipwa na serikali na wanaolipwa na hospitali, wodi moja, masharti tofauti. HR anayeweza kushika orodha zote mbili bila kukosea likizo na michango anatafutwa, ingawa mshahara wenyewe ni wa wastani.

Cheki Namba
La mwisho kwa wanaojadiliana na mwajiri binafsi. Yeye haoni 1,200,000 yako. Anaona 1,200,000, jumlisha NSSF 120,000, jumlisha tozo ya ujuzi SDL iliyoshushwa hadi 3.5% Julai 2023, ambayo ni 42,000, jumlisha WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5%, 6,000. Jumla 1,368,000 kila mwezi. Na SDL inaanza akiwa na wafanyakazi 10. Mwenye duka la jumla na watu 9, ukija wewe kama HR wake wa kwanza, unamfanya alipe 3.5% kwenye mishahara ya wote kumi. Ukiona anasita, pengine tatizo si wewe. Ameshakaa na mhasibu wake.

Binti Kanyenye
Kumbe! Basi 800,000 narudi kuwaambia iwe 1,200,000 msingi. Mkopo sina.

Asali ya Sikonge
Waambie kwa maandishi, na kabla ya kusaini.