Naomba ushauri: trela ndogo ya kulala, waifu anataka ya kutambaa mimi nataka kusimama

MguuMrefu:
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kabla hatujagombana rasmi humu ndani. Mimi na waifu tumekubaliana jambo moja tu, kwamba tunanunua trela ndogo ya kulala safarini, baada ya hapo kila mtu na njia yake. Yeye kaipenda ile ndogo kabisa yenye umbo la tone la maji, unaingia kwa kutambaa unalala, jiko liko nyuma unainua mlango kama wa buti ndo unapikia umesimama nje. Mimi nina urefu wa mita 1.88 na mgongo wangu si wa kijana tena, nataka kitu nasimama wima navaa suruali kama mtu mzima. Nimepata moja ya mita 5 na nusu, ina choo, pa kuogea, kitanda, meza, uzito imeandikwa kilo 1,250 na kitabu cha gari letu kinasema linavuta mpaka kilo 1,500 trela ikiwa na breki, nikaona hesabu imekaa safi kabisa kilo 250 zinabaki. Yeye hata kuingia kuiangalia hakutaka, alisimama nje kanuna. Namtajia faida zote, kimya. Watoto wameshakua wameondoka tumebaki wawili, tutakuwa tunatoka wiki mbili tatu hivi, lami zaidi na vumbi kidogo. Waliopita hapa mlimalizaje? Nimwachie achague yeye halafu mgongo ulie, au nikaze?

Kipanga77:
Nunua zote mbili, moja ya kwako moja ya kwake, mkutane asubuhi 😂

Fundi_Breki:
Mkuu acha kwanza mambo ya waifu, hesabu yako haijakaa safi. Hizo kilo 1,250 ni trela tupu, ilivyotoka kiwandani, haina hata kijiko. Sasa jaza: tanki la maji la lita 80 ni kilo 80 hapohapo maana lita moja ni kilo moja, betri kama kilo 30, mitungi miwili ya gesi ikiwa imejaa weka 40, turubai la kivuli na viti weka 20, halafu nguo, vyombo, matandiko, zana, jeki, chakula cha wiki mbili, weka 100 na hapo nimekuonea huruma. Tumefika 1,520. Umeshapita uwezo wa gari hata hamjatoka getini.

Na hiyo ni nusu tu ya habari. Kuna uzito unaokandamiza ndoano ya gari, huu ndo watu hawauangalii. Marekani wanakwambia asilimia 10 mpaka 15 ya trela ikiwa imejaa iwe mbele kwenye ndoano, Ulaya wanashuka zaidi, 5 mpaka 7 hivi. Kwa trela yako hata ukichukua 10 ni kilo 150 zinakaa nyuma ya gari, na kuna gari ndogo ndoano yake imeandikwa kilo 75 au 100 basi. Na hizo kilo zinahesabika kwenye mzigo wa gari pamoja na nyie wawili na mabegi. Ukisema basi nihamishie vitu nyuma ya trela ili mbele iwe nyepesi, ndo umejitafutia balaa, trela ya mbele nyepesi inaanza kutikisa mkia, kidogokidogo halafu kwa nguvu mpaka inaliburuza gari. Ikikutokea usikanyage breki kwa nguvu na usipigane na usukani, toa mguu kwenye mafuta shika usukani wima, kama una swichi ya breki za trela peke yake iminye taratibu.

Soma kibati cha trela, kimeandikwa uzito wa juu ukiwa na mzigo. Huo ndo wa kulinganisha na gari, sio uzito mtupu. Ukishanunua ipeleke kwenye mizani ya malori ikiwa imejaa.

MguuMrefu:
Fundi umenitia baridi aisee. Muuzaji alisema "gari lako litaivuta hii hata halijui".

Fundi_Breki:
Muuzaji hatakuwepo kwenye mteremko.

Dada_Ramani:
Sisi tuna hiyo ya tone mwaka wa nne huu, ntakwambia ukweli wote mzuri na mbaya. Uzuri: haina kimo, upepo haiusikii, malori yakikupita huyumbishwi kama hao wenye maboksi, mafuta haili sana, mkifika sehemu mnaipaki mnafungua, dakika kumi mmeshalala. Ubaya ni mvua. Siku ya kwanza ya mvua utacheka, ya tatu utakuwa unapika umevaa koti huku mwenzio kalala ndani anakuangalia kupitia kidirisha. Nguo mnavaa mmelala chali kama samaki nchi kavu. Na asubuhi kuta zinatoka jasho, watu wawili mkipumua usiku kucha kwenye kasanduku kale maji yanatiririka, lazima kidirisha kiwe wazi kidogo na feni ya kwenye paa itembee hata kama nje baridi, la sivyo godoro linaota ukungu kwa chini. Sisi tuliligundua kwa harufu.

Sasa mgongo wa mita 1.88 sijui kwa kweli. Ila kaka nina swali, kwenye maelezo yako yote umeandika umemtajia waifu faida. Umeshamuuliza hiyo kubwa anaiogopea nini? Maana mtu hakatai choo bure.

Mzee_wa_Ekseli:
Naunga mkono swali la hapo juu lakini mimi nazungumzia kitanda kwa sababu ndicho kilichotuuzisha trela yetu ya kwanza.

Kijana angalia kitanda kimelala vipi. Hizi ndogo nyingi kitanda kimekatiza upana wa trela, upana wa nje ni mita 2 na kidogo, ukitoa kuta ndani unabaki na 1.90 hivi, wewe wa 1.88 utalala kichwa kinagusa huku nyayo zinagusa kule. Halafu anayelala upande wa ukutani akitaka kutoka usiku lazima ampande mwenzie. Mkiwa na miaka ishirini na tano ni mahaba, mkiwa na umri wetu ni kesi. Kingine, ukiambiwa "meza inageuka kitanda" elewa maana yake kila usiku unatoa kila kitu mezani unashusha meza unapanga mito kama fumbo, na asubuhi unarudisha. Na mmoja akitaka kulala mapema mwingine hana pa kukaa. Sisi wiki ya pili tuliacha kuirudisha, tukawa tunakula tumekaa kitandani mwezi mzima, miguu inakufa ganzi. Mke wangu akasema ama tununue yenye kitanda cha kudumu ama arudi nyumbani kwa basi, na alikuwa hatanii.

Mkienda kuangalia vueni viatu mlale wote wawili robo saa, mgeuke, mmoja ajifanye anaenda chooni. Muuzaji akishangaa mwacheni ashangae. Na ufunge mlango wa choo ukiwa ndani ukae kabisa, wewe mwenye magoti marefu ndo utajua.

MamaSafari:
Kwa kuwa choo kimetajwa. Kwenye trela ndogo choo na bafu ni chumba kimoja, ukioga kila kitu kinalowa, karatasi itoe kwanza. Kile cha kaseti kina kitanki cha lita 18 mpaka 20, unakivuta kwa mlango wa nje kina magurudumu unakiburuza kama begi la safari, watu wawili kinajaa siku mbili tatu ukijitahidi nne. Swali ambalo hakuna muuzaji atawauliza ni nani anakwenda kukimwaga. Kubalianeni kabla hamjalipa, nasema kwa uchungu.

Na jua hii, wengi tulionunua trela yenye bafu tumeishia kuweka viatu na mabegi humo, tunaoga kwenye mabafu ya kambi. Choo lakini hapana, saa nane usiku mvua inanyesha, choo kinalipa deni lake lote. Kama nafasi hakuna kuna vile vidogo vya kubeba vinakaa chini ya kitanda, si vya kujivunia ila vinafanya kazi.

MguuMrefu:
Wakuu nimerudi. Jana usiku nimemuuliza kama Dada_Ramani alivyosema, sio kumwelezea, kumuuliza. Nanukuu: "Hiyo yako siwezi kuivuta. Ukishikwa na mgongo katikati ya safari nani anaturudisha?" Basi nikakaa kimya. Kumbe miaka miwili iliyopita tulikodi trela ya mizigo kuhama, nikawa narudi nyuma yeye ananielekeza kwa mikono, nikamfokea mbele za watu kwamba haelekezi vizuri, mimi nilishasahau yeye ana tarehe na saa. Kwa hiyo yeye hakuipenda tone kwa sababu ya umbo. Aliona ni ndogo, ataweza kuivuta na kuipaki mwenyewe bila kumwomba mtu. Choo anakitaka tena sana tu.

Dada_Ramani:
Nilijua tu 😄 Sasa mwambie na hili, asinielewe vibaya, kurudi nyuma na trela fupi ni kugumu kuliko ndefu. Ile fupi inageuka haraka, ukizembea sekunde mbili imeshakunja kisu, yaani trela na gari vimekunjana kama kisu cha kukunja, na tone ni fupi mpaka ukiwa garini huioni kwenye kioo mpaka ianze kukunja, sisi tumefunga kifimbo chenye bendera kila kona ya nyuma ili tuione. Ndefu kidogo inakupa muda wa kusahihisha. Mbinu ni ileile: mkono mmoja chini kabisa ya usukani, trela ikitakiwa iende kushoto peleka mkono kushoto, mwendo wa kobe, ikikataa simama songa mbele uinyooshe uanze upya. Na kuelekezana kwa mikono muache, pigianeni simu, aliye nje aongee kwa sauti ya kawaida.

Fundi_Breki:
Sasa hapo ndo tuongee. Kuna katikati ya hizo mbili. Tafuta zile za faibaglasi nzima, zimeundwa kama maganda mawili ya yai, la juu na la chini, zimeunganishwa kiunoni. Boler ya Canada ilianza 1968 kule Winnipeg, futi 13, na mpaka leo kuna za enzi hizo ziko barabarani, baadaye Marekani zikaja Scamp na Casita. Sababu ya kudumu ni hiyo, hazina maungio mengi ya kuvujisha. Trela za fremu ya mbao zilizovikwa bati au paneli adui yake ni maji, yanaingia kwenye kona au dirisha kidogo tu unakuja kushtuka mbao imeoza ndani na nje inang'aa. Aina nyingine ni zile paa lake linainuka mkifika, zikiwa njiani ni fupi mkisimama unapata kimo, ila jiulize kama mgongo wako unataka kuinua paa kila siku. Zile za paa la pembe tatu unasimama katikati tu, pembeni unainama.

Kwa urefu wako pima kwa futikamba usiamini karatasi, na pima chini ya feni ya paa na chini ya fremu ya mlango, sio katikati tu. Ukipata iliyotumika: bonyeza kona zote kwa kidole, kanyaga sakafu karibu na mlango na chini ya dirisha, ikibonyea ondoka. Ukuta wa nje ukiwa umevimba kama malengelenge, ondoka. Nusa ndani ya makabati. Tairi soma tarakimu nne za mwisho, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, zikipita miaka mitano sita badilisha hata kama kashata zinaonekana mpya, tairi za trela huwa zinakufa kwa kukaa.

Mzee_wa_Ekseli:
Na kabla ya yote kodini siku nne. Siku moja haitoshi, siku ya kwanza kila mtu ana adabu.

MguuMrefu:
Mrejesho. Tulikodi ya faibaglasi, mita 4 na ushee, kitanda cha kudumu, choo cha kaseti, usiku nne, moja ya mvua. Tulianzia kwenye uwanja mtupu, waifu alirudi nyuma mara kumi na tano hivi, ya kumi na sita akaiingiza katikati ya makopo mawili bila kugusa, mimi nilipojaribu nilikanyaga kopo. Kwa hiyo mpaki ni yeye, limepita. Ndani nasimama ila nywele zinasugua paa na mlangoni nimejigonga mara saba, yeye alikuwa anahesabu. Kitanda nalala kimshazari kidogo, anasema bora hivyo kuliko kuninunia. Kaseti nilimwaga mimi zote, nimeona ni haki baada ya ile siku ya kufokeana.

Kuna moja kama hiyo inauzwa, imetumika, kona ngumu, sakafu ngumu, kibati kinasema mwisho kilo 1,100. Jumamosi tunaifuata na ataivuta yeye kurudi nayo. Tairi zimeandikwa 1416, nimeshasema zibadilishwe kwanza pale pale.

MamaSafari:
Kaseti umemwaga zote? Waifu wako nitamtafuta anifundishe.

Fundi_Breki:
Hongereni. Ndoano umeipima?

MguuMrefu:
Kwa jicho.

Fundi_Breki:
Mkuu.