Mcheza gemu wa kulipwa: mwanamichezo au la?

Kete64, Tudor

Assalam aleikum wanajamvi. Kamati ya vijana inapanga siku ya michezo Tononoka: mpira, kuvuta kamba, mbio za magunia, na bao chini ya mwembe. Vijana wanataka na gemu ziwekwe, Tekken, ile ya kupigana wawili, na mpira wa PlayStation (PS). Wazee wawili wamekataa katakata, wanasema aliyekaa kitini hapewi kikombe cha mwanamichezo. Nyinyi mwaonaje? Na tukikubali, shindano liendeshwe vipi lisiwe la ubabaishaji?

FremuKumi

Wazee wamechanganya maneno mawili. Mwanariadha hukimbia, huruka, hutupa mkuki. Mwanamichezo ni mpana zaidi: ashindanaye kwa kanuni, mbele ya mwamuzi, na kwa mazoezi yanayomtofautisha na mtu wa kawaida. Bao lenyewe mmeshaliweka kwenye ratiba, mashimo 32 na kete 64, na jasho halimtoki mtu. Mbona hilo halikupingwa?

Tena kwenye gemu mwili umo. Tekken huenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kwa hivyo kila fremu ni milisekunde 16.7. Konde la haraka zaidi hufika kwa fremu 10, kama milisekunde 167. Jicho na mkono wa binadamu huhitaji milisekunde 200 hadi 250 kujibu kitu kilichoonekana. Kwa hivyo konde lile halizuiliki kwa kulisubiri ulione, lazima ulibashiri kwa kumsoma mtu. Kinachojibika ni kosa lake. Akitupa pigo zito ukalizuia, hubaki wazi fremu 10, 12 au 15 kulingana na pigo, na wewe uwe umekariri jibu la kila moja kwa kila mhusika. Ukichelewa fremu chache tu, naye ameshajikinga.

Kocha wa Bamburi

Sheikh wangu, hesabu yako ni sawa, lakini usiwauzie watu kwamba gemu ni kasi ya vidole tu. Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika 2023, ilitoa medali kamili za gemu. Dhahabu ya Street Fighter V, gemu nyingine ya kupigana, ilichukuliwa na Kim Gwan-woo wa Korea Kusini akiwa na miaka 44. Vidole vya umri huo havivishindi vya miaka 18 kwa mbio, ila kichwa chake kilikuwa kimeshaona kila hila.

Mwili unapoingia hasa ni kwenye majeraha. Mcheza padi huumia kano za kidole gumba, mcheza kibodi huumia kifundo cha mkono, kwa sababu mkono uliokunjwa huibana neva inayopita katikati ya kifundo hicho. Kipimo cha haraka: kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali upande wa gumba ni dalili ya kano zilizovimba, apumzishwe na aende kwa daktari, asipakwe mafuta ya moto akarudishwa kitini. Jian Zihao wa China, ambaye jina lake la mchezo ni "Uzi", alistaafu gemu ya League of Legends Juni 2020, na mojawapo ya sababu alizotaja ni kisukari cha aina ya pili. Alikuwa na miaka 23.

Basi kocha anayejua kazi humpangia mchezaji usingizi, maji, matembezi, na dakika 10 za kupumzisha mikono kila saa. Kwa macho, kila dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 mbele kwa sekunde 20. Ndiyo maana mimi siwezi kumwita mwanamichezo kijana anayekesha kwenye banda la PS mpaka adhuhuri. Anayefanya mazoezi ndiye.

Mwamuzi_Likoni

Mmesahau dawa. Mwaka 2015 mchezaji wa Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, alisema hadharani kwamba kikosi chao kilitumia Adderall, dawa ya kuchangamsha akili, na ESL, waandaaji wa mashindano ya gemu, wakaanzisha upimaji. Kwetu hapa kuna jambo la karibu zaidi: miraa na muguka. Ndani yake mna kathini na kathinoni, na zote mbili ni vichangamshi vinavyokatazwa wakati wa shindano kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupinga dawa michezoni. Kathini huhesabiwa kosa ikizidi maikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Anayetaka kuitwa mwanamichezo ajue na hilo linamhusu. Tononoka hamtapima mkojo, lakini andikeni kanuni: hakuna kutafuna mezani.

Sheria na Mpira

Naunga mkono wazee, ila kwa sababu nyingine. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Gemu ina mwenyewe, kampuni, inayoweza kubadilisha nguvu za mhusika leo usiku au kuzima seva. FIFA na EA, kampuni yenye gemu ya mpira, waliachana, na tangu 2023 gemu ile ile iliyoitwa FIFA inaitwa EA Sports FC. Shirikisho gani la mchezo linaweza kuishi hivyo? Kamati ya Olimpiki ilikubali Julai 2024 kuanzisha Olimpiki ya gemu na Saudi Arabia, na Oktoba 2025 mkataba ukavunjwa.

Kiserikali mambo ni mepesi zaidi. Marekani ilimpa Danny Le wa Canada, mcheza League of Legends, viza ya wanamichezo mwaka 2013. Hapa Kenya, Sheria ya Michezo ya 2013 ina msajili, na inatambua klabu, chama cha kaunti na shirika la kitaifa. Anzeni na katiba na uchaguzi. Cheo kitafuata.

FremuKumi

Hoja ya mwenyewe naikubali, sina jibu lake. Kete64, tukuingize kwenye kazi.

Msicheze kwa intaneti, wekeni mashine pamoja. Intaneti hupita kwa nuru, na nuru ndani ya waya husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Waya wa TEAMS, ule upitao chini ya bahari kutoka Mombasa hadi Fujairah kwenye Falme za Kiarabu, ni karibu kilomita 5,000, kwa hivyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 50, fremu 3, kabla hujafika seva ya Ulaya.

Tekken, watu 16, anayeshindwa mara mbili ndiye atokaye: mechi 30 au 31. Kwa mbili bora kati ya tatu, wekeni dakika 10 kila mechi. TV moja itakula saa tano, mbili zitamaliza kwa takriban saa tatu. Mpira wa PS uchezwe kwa mtoano wa kawaida, mechi 15, kila kipindi dakika 6, na kila mmoja aandike klabu yake kabla ya droo. Padi ziunganishwe kwa waya. Kitambaa kikavu cha mikono, si poda, poda hujaa kwenye vitufe. Na kwa hewa yetu ya chumvi, jaribuni kila padi kabla: mhusika akitembea mwenyewe, hiyo padi iwekeni kando.

Kete64

Shukran. TV tutakazopata ni za nyumba tatu tofauti. Kuna ubaya?

FremuKumi

Upo. Ingieni kwenye mipangilio ya kila moja mkawashe hali ya gemu (Game Mode). Bila hiyo, TV nyingi hupamba picha kwanza na kuichelewesha milisekunde 50 hadi 100. Mkishindwa kuzilinganisha, chezesheni fainali zote kwenye TV moja, na wachezaji wapewe dakika tano za kuizoea.