Wanafunzi wetu kila watu na kona yao bwaloni, nifanyeje?

mwalimu_kisauni
Asalam aleikum ndugu zangu. Nafundisha sekondari moja ya Kiislamu ya bweni huku Kisauni, mwaka wa sita huu, na kuna jambo laninyima usingizi. Tuna watoto wa hapa hapa mjini, Wadigo wa Kwale, Wasomali wa Wajir na Garissa, Waorma na Wapokomo wa Tana River, na siku hizi wanakuja pia wa Mumias na Busia. Wote kibla kimoja, lakini ingia bwaloni saa ya chakula uone, kila watu na kona yao.

Wiki jana mtoto wa fomu wani kutoka Wajir alitoa ndizi mbivu mfukoni akaimenya akala na wali, kwao ndivyo walavyo, sasa wale wa meza ya pili wakaanza kumcheka, mmoja akamwita waria, jina la kuwakejeli Wasomali, naye akajibu kwa neno la kwao ambalo silitii hapa, kufumba na kufumbua sahani zaruka. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia sana. Ofisi ikawapa wote wawili kufyeka nyasi, Ijumaa tukaletewa mhadhara wa amani saa nzima, watoto wakatulia tuli, wakaitikia amin, jioni bwaloni kona ni zile zile.

Na kuna la alfajiri pia. Sisi pwani ni madhehebu ya Shafii, twasoma kunuti, ile dua ya kuinua mikono ndani ya swala ya alfajiri, ila tuna vijana waliosomeshwa huko walikotoka kwamba ni bidaa, yaani uzushi katika dini, imamu akiinua mikono wao wanashusha yao makusudi, halafu ni maneno mpaka saa ya chai.

Mkuu asema tuongeze somo la amani kwenye ratiba. Moyo wangu haukubali lakini sina la kumwambia. Mliosoma shule za bweni au mlio walimu, kwenu ilikuwaje?

binti_kibokoni
Waaleikum salam maalim. Mimi nakwambia anzia kwenye sahani. Sisi nyumbani Kibokoni tumekulia sinia, watu watano mikono mitano, na nyanyangu kazi yake ilikuwa kusukuma nyama upande wa mgeni bila kusema kitu. Sasa nilipoenda bweni la wasichana nikakuta kila mtu na sahani yake na rafiki zake. Nilipofika fomu tu, yaani kidato cha pili, akaja matroni mpya, sahani akazifungia stoo, akaleta masinia, na nani ale na nani anapanga yeye.

Mimi nikawekwa na msichana wa Mandera na wawili wa Msambweni. Nasema kweli ya Mungu wiki ya kwanza nilikuwa nalala njaa, yule wa Mandera alikuwa akila haraka nami sijui kugombania, nikamchukia kabisa. Kumbe kwao ni ndugu tisa, ukichelewa umekosa. Aliniambia mwenyewe usiku mmoja tukiosha sinia, maana wanaokula pamoja wanaosha pamoja. Baada ya hapo akawa aniwekea fungu langu pembeni na mkono wake anauzuia. Ila matroni hakuwa akibadilisha kila siku, tulikaa muhula mzima sinia moja. Ukibadilisha kila siku watavumiliana tu, hawatajuana.

kijana_wa_mumias
Dadangu nakuheshimu lakini sinia peke yake haitoshi. Mimi ndiye huyo mtoto wa bara anayetajwa hapo juu, nilisoma Mombasa miaka minne. Siku ya kwanza ustadh alisoma jina langu la ukoo kwenye rejista, akasimama, akaniuliza mbele ya darasa, wewe umesilimu lini? Darasa likacheka, na yeye akacheka. Babu wa babu yangu alisilimu Mumias enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, wafanyabiashara wa pwani walipokuwa wakipita kwetu na misafara, yaani hiyo dini tuliipokea kwenu nyinyi nyinyi, halafu nafika kwenu naulizwa nimesilimu lini.

Wanafunzi wenzangu niliwasamehe hata kabla ya muhula kuisha, tulikuwa watoto. Ustadh ndiye alinichukua miaka. Kwa hivyo maalim kabla hujaangalia bwalo angalia stafurumu, sikiza walimu wanawaitaje hao watoto. Abu Dharr alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume (s.a.w) alimwambia wewe ni mtu ambaye bado una ujahiliya, tabia za kabla ya Uislamu, ndani yako, na huyo ni sahaba mkubwa, hakufichiwa. Nani anamwambia ustadh hivyo?

mtu_wa_likoni
Kijana wa Mumias umesema jambo zito na pole sana kwa yaliyokupata. Mimi ni wa Likoni, Agosti 1997 watu wa bara waliposhambuliwa kwetu nilikuwa darasa la tatu, niliona majirani zetu wa bara wamebeba magodoro kichwani wanakimbilia kanisani, na wengine hawakuwahi kurudi. Hilo neno mtu wa bara kabla ya hapo lilikuwa la utani tu barazani. Ndio maana mimi sicheki.

Halafu na mimi nimekuwa mgeni. Nilisoma chuo kikuu cha Kiislamu cha Madina, chuo kilichofunguliwa 1961 na wanafunzi wake wengi ni wa kutoka nje. Chumbani tulikuwa mimi, Mwindonesia na Msenegali. Kiarabu changu kilikuwa cha vitabuni, dukani wakiongea sishiki hata neno, mwezi wa kwanza nilikuwa naogopa kwenda kununua mkate. Hakuna lekcha iliyonitoa hapo, alinitoa yule Mwindonesia, alinishika mkono akanizungusha soko lote, hapa mchele, hapa sabuni, hapa usinunue. Ndipo nikaelewa kisa cha sahaba Abdurrahman bin Auf alipohama Makka akafika Madina hana kitu, mwenyeji wake Saad bin Rabii akataka kumkatia nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka akasema nionyeshe soko liko wapi, akaanza na jibini kavu na samli. Mgeni ataka kuonyeshwa njia. Maalim, huyo mtoto wa Wajir siku anashuka kwenye basi na sanduku lake, nani alimpokea? Au alipewa karatasi ya sheria za shule tu?

msomi_tudor
Niongeze la darasani. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitwa kwenye shule za Austin, Texas, watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico walikuwa wameanza kusomeshwa pamoja na wanapigana kila siku. Alichofanya, somo analikata vipande, kila mtoto wa grupu anapewa chake peke yake, wa kipande kimoja wanakutana wakielewe, halafu kila mtu anarudi kufundisha grupu lake, na mtihani unauliza vyote. Ukimdharau mwenzako umekosa kipande chake.

Hii ifanyeni na Suratul Hujurat. Aya ya 9 na 10 sulhu, 11 kejeli na kuitana majina mabaya, 12 dhana na kusengenya, 13 mataifa na makabila ili mjuane. Wagawie vipande usiangalie kabila, na huyo aliyesema waria apewe ya 11 awafundishe wenzake. Kunuti nayo mpeni kila upande kazi ya kueleza dalili za upande wa pili mpaka wenyewe waseme naam, umetusema sawasawa. Husimuliwa kwamba Imamu Shafii aliswali alfajiri karibu na kaburi la Abu Hanifa, imamu wa madhehebu yasiyosoma kunuti alfajiri, akaiacha kunuti kwa adabu. Waanze hapo.

mwalimu_kisauni
Jazakumullahu kheir nyote. Kijana wa Mumias, jana nilisoma maneno yako stafurumu bila kutaja yametoka wapi, kukawa kimya, ustadh mmoja mtu mzima akatoka nje, na leo asubuhi amenifuata mwenyewe tuzungumze. Mkuu amekubali masinia kwa fomu wani na fomu tu muhula ujao, na kila mgeni atapokewa langoni na mwanafunzi mmoja wa hapa, huyo ndiye wake mpaka muhula uishe. Hujurat naanza Jumatatu.

Yule wa Wajir nimemuuliza ataka nini. Kasema hataki kuombwa msamaha mbele ya paredi, ataka tu ale ndizi yake.

Sasa mpishi anasema masinia tuliyonayo ni 14 na tunahitaji kama 40. Kuna yeyote anayejua duka lenye bei nzuri Marikiti au Kongowea? Hata yaliyotumika, bora yasiwe yametoboka.