Ukoma na kifua kikuu: BLASTP haioni sudojeni?

Swali
Wakuu, nimelinganisha protini za Mycobacterium tuberculosis H37Rv (bakteria wa kifua kikuu, NC_000962) na za M. leprae TN (bakteria wa ukoma, NC_002677) kwa BLASTP, programu inayolinganisha protini kwa protini. Nyingi za kifua kikuu hazipati mwenza. Nihesabu jeni zake zimefutika, au zipo ila zimekufa?

Jibu 1
Faili ya protini haiwezi kukuambia. Sudojeni, yaani jeni zilizokufa, hazimo humo. Ziko kwenye faili ya GFF (orodha ya jeni na mahali zilipo kwenye jenomu) zikiwa na alama ya pseudo. Na kwa ukoma ndiko kwenye utajiri: jenomu iliyochapishwa 2001 ina herufi za DNA milioni 3.27, jeni hai kama 1,600, sudojeni zaidi ya 1,100. H37Rv ina milioni 4.41 na jeni karibu 4,000. Peleka protini za H37Rv moja kwa moja kwenye DNA ya ukoma kwa tblastn, inayotafsiri DNA kuwa protini kabla ya kulinganisha:

tblastn -query h37rv.faa -db leprae -db_gencode 11 -evalue 1e-5 -seg no -outfmt "6 std qlen sframe"

Jeni iliyokufa hutokea vipande vipande: uzi uleule wa DNA, vipande jirani, lakini sframe (fremu, yaani mahali pa kuanzia kusoma DNA kwa herufi tatu tatu) inaruka, mathalani kutoka 1 kwenda 3. Hapo herufi imedondoka au imeongezeka. Usihesabu kila kipande kama jeni. Viunganishe kama vinafuatana kwenye protini na vimeachana chini ya herufi 500 hivi. Kodoni ya kikomo (herufi tatu zinazosimamisha utengenezaji wa protini) utaiona kama * katikati ya ulinganisho, ila kwa -outfmt 0, maana jedwali hili halionyeshi mfuatano.

Jibu 2
Naongezea: angalia jeni jirani. Protini za familia za PE na PPE, zilizo nyingi kwa kifua kikuu, zinafanana mno zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kipande kinaweza kuangukia ndugu badala ya mwenza halisi. Jeni za kushoto na kulia zikilingana, amini.

Ufupi wa jeni peke yake si ushahidi kwamba imekufa. Jeni za bakteria hawa huanza pia na GTG na TTG, si ATG tu, na programu mbili zaweza kuchagua mianzo tofauti kwa jeni ileile iliyo hai.

Kama ni sampuli zako zilizosomwa kwa mashine ya nanopore, sahihisha kwanza kwa data ya Illumina, mashine isiyokosea sana kwenye herufi zinazojirudia. Mfululizo kama GGGGGG ukipungua herufi moja, fremu inahama na unapata “sudojeni” ya mashine.

Jibu 3
Ukitaka dN/dS (uwiano wa mabadiliko yanayogeuza protini na yasiyoigeuza; chini ya 1 huashiria jeni inalindwa), usitumie kifua kikuu. Kiko mbali, mabadiliko yasiyogusa protini yameshajirundika mno. Tumia M. lepromatosis, ndugu wa karibu wa bakteria wa ukoma. Ila jeni iliyokufa karibuni bado itatoa thamani ya chini ya 1, kwa kuwa sehemu kubwa ya umri wake ilikuwa hai. Vikomo na fremu vina uzito kuliko hiyo namba.