Mzee wa miaka 67 kwenye pikipiki, safari ndefu, peke yake: tumpime umri au tumpime macho?

Siku ya sita, saa tisa alasiri, nilizima injini mbele ya Ziwa Nyasa pale Mbamba Bay. Nilitoka Dar es Salaam peke yangu kwa Boxer ya cc 150, zaidi ya kilomita 1,000. Nina miaka 67. Vijana wa bodaboda wakanizunguka: "Shikamoo mzee, kweli umetoka Dar na hii?" Marahaba wanangu, kweli.

Nikatuma picha kwa ukoo. Mpwa wangu akajibu kwamba serikali iwafutie leseni ya pikipiki wote waliovuka miaka 65, kwa sababu mzee akivunjika, familia ndiyo inayouguza. Wengi wakamuunga mkono. Naileta hoja yake hapa kwa kuwa wazee wanaoendesha ni wengi, na mimi naipinga.

Nilikuwa bwana shamba. Pikipiki ilikuwa ofisi yangu, na kituo changu cha kwanza kilikuwa Mbinga, nilikokwenda kufundisha kilimo nikaishia kufundishwa na Wamatengo jinsi mashimo ya ngolo yanavyoshika maji na udongo mlimani. Safari hii nilitaka kuyaona tena. Yapo, na mahindi yamesimama vizuri.

Sasa niseme ukweli wa mwili, maana bila huo mjadala hauna maana. Kupanda mlima Kitonga nilikuwa nyuma ya semi lililokuwa likitambaa kwa gia ya chini, moshi wote usoni. Nikiwa na miaka 35 ningeovateki. Sasa nilikaa nyuma yake hadi juu, kona baada ya kona, kwa sababu mkono wangu wa klachi hauna wepesi ule, na basi likichomoza konani sina pa kukimbilia. Mikumi, barabara inakokatiza hifadhini kwa kilomita kama 50, niliyapita matuta yote taratibu na kumsubiri nyani mmoja mmoja avuke. Kila siku saa kumi jioni nilikuwa nimeshatafuta gesti, maana jua likishuka machoni sioni shimo mpaka nimelifikia. Makambako upepo ulinisukuma nikasimama kabisa, nikanywa chai, nikasubiri utulie.

Mpwa wangu anayasoma hayo kama ushahidi kwamba nimechoka. Mimi nasema ndiyo yaliyonifikisha. Njia nzima walionitia hofu ni vijana waliopakia abiria wawili bila kofia ngumu na kuovateki kwenye kona, na hao hakuna anayetaka kuwafutia leseni kwa sababu ya ujana wao. Wengine hata leseni hawana.

Uingereza, ukifika miaka 70 leseni unaihuisha kila baada ya miaka 3 na unatakiwa kutaja hali ya afya yako. Japani, kuanzia miaka 75 unapimwa hata kumbukumbu. Kote huko anaangaliwa mtu mwenyewe; hakuna anayenyang'anywa leseni kwa sababu tu siku yake ya kuzaliwa imefika. Ted Simon, Muingereza aliyezunguka dunia kwa pikipiki kati ya 1973 na 1977, aliondoka tena mwaka 2001 akiwa na miaka 69. Alivunjika mguu nchini Kenya, akatibiwa, akaendelea. Najua mfano huo unaweza kumpa nguvu hata mpwa wangu.

Nadhani sisi tumeharibiwa na ule umri wa miaka 60 wa kustaafu kwa lazima. Mtu akikabidhi ofisi, tunamhesabu amekabidhi na mwili.

Aliyenigusa ni binti yangu. Alinipigia simu nikiwa Njombe, baridi imeshika magoti, akasema: "Baba, sikukatazi kuendesha. Nakataa uanguke porini na hakuna anayejua." Hapo sikuwa na jibu. Kila jioni nilimtumia ujumbe, lakini ujumbe wa jioni haumsaidii aliyelala mtaroni tangu asubuhi. Kwa hiyo suala la kwenda peke yangu nalikubali lijadiliwe, ila mezani kwetu, si bungeni. Ndiyo maana kurudi niliipakia pikipiki kwenye Fuso, mimi nikapanda basi. Magoti yalikuwa yamekataa, na sioni aibu kuyasikiliza.

Ninachopendekeza: dereva yeyote, wa miaka 20 au 70, akihuisha leseni apimwe kweli macho, shingo inavyogeuka, na mkono unavyokamata breki. Apimwe na mtu anayemtazama, si kugongewa muhuri tu.

Leseni yangu inaisha hivi karibuni. Nimemwahidi binti yangu kwamba daktari wa macho akisema basi, funguo nampa yeye siku hiyohiyo. Madereva wa malori wa njia ya Kitonga, na ninyi wenye wazazi wanaoendesha bado: mngeweka kikomo cha umri, na kwa sababu gani?