Baba hutia dawa ya glakoma wiki ya kliniki tu. Nimwambieje?

Binti wa Langoni, Lamu
Asalaam alaikum. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Ana miaka 71 na glakoma, ule ugonjwa wa presha ya macho, macho yote mawili. Ameandikiwa timololi asubuhi na jioni, na latanoprosti tone moja kila jicho usiku. Mara ya mwisho kliniki Mombasa presha ya macho ilikuwa 15, sote tukashukuru. Lakini kile kipimo cha kubonyeza kitufe ukiona taa kikaonyesha uwanja wa kuona umezidi kufinyika. Daktari akaniuliza, "Kweli anatia?" Nikamwapia anatia.

Juzi napanga kabati lake nikakuta vichupa vinne, viwili havijafunguliwa. Hakunificha: "Mwanangu, nikitia sioni tofauti, nisipotia sioni tofauti, na yaniwasha. Hutia safari ikikaribia, daktari asinikasirikie."

Nimelia sana. Huyu ndiye aliyekuwa akiingiza jahazi mlango wa bandari usiku kwa nyota, na leo hapa vichochoroni hamwoni punda anayemjia ubavuni. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Muuguzi wa macho, Malindi
Waalaikum salaam dada. Ile 15 ni presha ya siku ile, kwa dawa ya wiki ile. Miezi mingine macho yalikuwa hayana kinga, na mshipa wa fahamu wa jicho ukifa haufufuki. Wengi hufanya kama baba, usimgombeze. Mwambie wazi kwamba dawa hii hairudishi uoni uliopotea, hulinda uliobaki. Asipolijua hilo atangoja nafuu isiyokuja, kisha aache.

Na daktari aambiwe ukweli, tafadhali, asije akamwongezea dawa au kumwandikia upasuaji akidhani hizi zimeshindwa. Mtajie huko kuwasha, zipo za kubadilisha. Kama baba ana pumu mwambie pia, maana timololi hubana kifua.

Mjukuu wa Shela
Dada, umewahi kumtazama akitia? Nyanya yangu mkono ulikuwa ukitetemeka, matone yote shavuni, kichupa kikaisha kabla ya mwezi. Sasa hulala chali, namvuta kope la chini, tone moja, anafumba na kubana pembe ya jicho penye pua dakika mbili. Dawa ya pili baada ya dakika tano. Tumezifunga na sala: timololi baada ya Alfajiri na Maghribi, latanoprosti baada ya Isha. Ramadhani alikuwa akiacha mchana akihofia saumu, mpaka sheikh alipomwambia kwa madhehebu ya Shafii tone la jicho halifunguzi.

Binti wa Langoni, Lamu
Nimeketi naye barazani jana baada ya Isha, nikamsomea maneno ya muuguzi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za jahazi. Chombo hakiongezi mbio kwa kalafati, lakini usipokitia kinazama." Akajilaza mwenyewe nimtie. Daktari nitampigia Jumatatu, nimuungamie na kile kiapo changu. Ila vile vichupa vya latanoprosti vimekaa kabatini kwenye joto miezi mitatu. Vinafaa?

Muuguzi wa macho, Malindi
Tupa, hata visivyofunguliwa, vilitakiwa friji. Ukifungua kipya andika tarehe kwenye boksi, wiki nne basi. Mpe baba salamu zangu.