Tupeane uzoefu: tovuti na kurasa za kanisa, Nyanda za Juu Kusini

Uyole
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tunaosimamia tovuti na kurasa za usharika, parokia au ushirika huku Mbeya, Iringa na Njombe, tupeane yanayofanya kazi na yanayoharibika. Naanza na saa za ibada, maana ndizo mgeni anazozitafuta kwanza na ndizo zinazofichwa chini ya salamu ndefu za kukaribisha. Ziwe juu kabisa ya ukurasa wa mbele, kwa maandishi, sio ndani ya bango la picha ambalo kwenye simu ndogo halisomeki. Chini yake iwepo namba ya ofisi inayopiga ukiigusa, na njia kama tunavyoelekezana wenyewe: njia panda ya Uyole, barabara ya Tukuyu, kituo cha ngapi, geti rangi gani.

Angalizo moja: kwenye tovuti andika "saa 1:00 asubuhi", ila kwenye wasifu wa kanisa wa Google jaza 07:00. Ukijaza 1:00 umetangaza ibada ya saa saba usiku.

Kihesa
Kamwene. Wasifu wa Biashara wa Google (taarifa za kanisa zinazotokea mtu akilitafuta Google au kwenye ramani yake) ni bure na kanisa linaruhusiwa kuwa nao. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kibao, pamoja na jina la usharika, la sivyo makanisa ya dhehebu moja mjini yanachanganyika. Pini ya ramani iwekwe getini. Uthibitisho kwa Google kwamba kanisa ni lenu, siku hizi mara nyingi ni kwa video: mfululizo bila kukatwa, inaanzia barabarani, inapita kwenye kibao, inaishia mtu akifungua mlango wa ofisi kwa ufunguo. Ya vipande vilivyounganishwa haifai.

Tukuyu
Shida yetu huku ni mvua na bati. Mahubiri yakirekodiwa kwa simu iliyowekwa benchi la mbele, msimu wa mvua unasikia bati tu. Sauti itolewe kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), na wengi wanakwama papo hapo kwa sababu mbili.

Kwanza plagi. Plagi yenye maiki kwa ajili ya simu ina pete nyeusi tatu. Ya waya wa kawaida wa muziki ina mbili. Ukichomeka ya pete mbili, simu inaendelea kusikiliza maiki yake yenyewe na hakuna anayegundua hadi ibada iishe. Pili, sauti ya mikisa ina nguvu kupita kiasi kwa tundu la maiki, hivyo inapasuka hata ukipunguza kwenye simu. Dawa ni kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu lililoandikwa LINE IN. Zipo nyingi za bei nafuu zenye tundu la maiki peke yake. Hizo ziache dukani.

Kwenye mikisa, chukueni sauti kwenye tundu la AUX kuliko la REC OUT, linalotoa mchanganyiko ule ule wa spika za ukumbini. Kwaya na ngoma zinasikika ukumbini zenyewe, kwa hiyo fundi mitambo anazishusha, na kwenye rekodi zinapotea. AUX inakupa mchanganyiko wako. Jaribuni kwaya ikiimba kwa nguvu zote, mita isiguse nyekundu. Kisha hifadhini kwa mono (chaneli moja ya sauti), kbps 48 (kilobiti kwa sekunde; zikipungua, faili linakuwa dogo): mahubiri ya dakika 40 yanakuwa kama MB 14, badala ya MB 38 za kbps 128. Mama wa kijijini anayenunua bando la siku anaweza kuyapakua.

Mafinga
Ndugu wa Tukuyu umesema kweli, bando ndilo linaloamua. Picha moja ya simu ni MB 3 hadi 5. Ipunguzeni upana hadi pikseli 1,600 na uzito chini ya KB 200. Ya kuonekana kiungo kikitumwa WhatsApp iwe 1,200 kwa 630.

Kurusha ibada moja kwa moja YouTube kwa simu kunahitaji wafuatiliaji 50, na kuwezeshwa mara ya kwanza huchukua hadi saa 24, kwa hiyo msianze Jumamosi usiku. Ibada yenye urefu wa saa mbili ikirushwa kwa kasi ya Mbps 2.5 inakula GB 2.25. Pimeni kasi ya kupakia, tena Jumapili saa ya ibada. Ya Jumatano mchana inadanganya.

Makambako
Kikoa (anwani ya tovuti) cha .or.tz kisajiliwe kwa jina la kanisa na barua pepe ya ofisi. Kikiwa cha kijana wa kwaya aliyehama, taarifa ya kulipia inamfuata yeye, kanisa linashtuka tovuti imezimika. Nywila ziwe kwa watu wawili. Na mandhari (miundo ya mwonekano) za wizi za WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ziogopeni sana: zingine zinampeleka kwenye kamari msomaji aliyetokea Google tu, msimamizi akiingia mwenyewe anaona kila kitu shwari.

Mbalizi
Tumsifu Yesu Kristo. Lipa Namba iandikwe pamoja na jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, ili mtoaji akiona jina jingine asitishe. Majina na picha za watoto wa Shule ya Jumapili, ombeni ridhaa ya wazazi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto, na zinazoonyesha imani ya mtu, kwenye kundi nyeti. Orodha ya ahadi za ujenzi yenye majina na kiasi isipandishwe kabisa. Kama ilishapanda, kuondoa kiungo kwenye ukurasa hakutoshi: futeni faili lenyewe kwenye hifadhi ya tovuti, kisha ombeni liondolewe kwenye matokeo ya Google kupitia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti.